Kusomesha Watoto Nyumbani na Bado Ubaki na Saa Zako

Mzazi anayesomesha nyumbani akilalamika kwamba hana muda, huambiwa aamke mapema. Ushauri huo umewakosesha wengi usingizi bila faida. Anayeamka saa kumi alfajiri huongeza saa mbili za kazi, wala si za kupumzika, na ikifika saa nane mchana hana nguvu hata za kumsikiliza mtoto akisoma. Muda unaoutafuta umo ndani ya ratiba yako ya mchana, pale ambapo nyumba inaiga shule bila kuwa na haja ya kuiga.

Tuchukue Kenya na mtaala wa umilisi, ule unaoangalia kile mtoto anachoweza kufanya. Shuleni, kipindi cha Gredi ya 1 hadi ya 3 ni dakika 30, Gredi ya 4 hadi ya 6 ni dakika 35, na sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ni dakika 40. Vipindi hivyo vimepangiwa darasa lililojaa. Ndani ya dakika hizo 30 mwalimu huita majina, hugawa vitabu, hunyamazisha walio nyuma, huzunguka madawati, na husubiri wa mwisho amalize. Nyumbani una mtoto mmoja mbele yako. Kilichochukua kipindi kizima shuleni unakimaliza kwa dakika 12 au 15. Mzazi anayebandika ukutani ratiba ya shule kama ilivyo, kengele kwa kengele, amejifunga kwa kamba isiyo yake.

Vipimo vinavyofaa nyumbani ni hivi: Gredi ya 1 hadi ya 3, saa moja na nusu hadi mbili kwa siku. Gredi ya 4 hadi ya 6, saa mbili na nusu hadi tatu. Gredi ya 7 hadi ya 9, takriban saa nne. Hizo ni saa za mtoto. Saa zako ni chache kuliko hizo, na ndipo siri ilipo.

Kazi ya mdomo, kazi ya jicho, kazi ya mkono wake

Kaa na karatasi, uandike kila somo la kila mtoto. Mbele ya kila moja weka alama: je, linahitaji mdomo wako, jicho lako tu, au halihitaji hata kimoja?

Kazi ya mdomo ni ile isiyowezekana bila wewe: kumfundisha mtoto kusoma silabi, kueleza sehemu za hisabati, kama nusu na robo, kwa mara ya kwanza, kusahihisha insha mkiwa pamoja. Kazi ya jicho ni ile anayoifanya mwenyewe ukiwa karibu, kama mwandiko, kuchora ramani, au kusoma kwa sauti kitabu anachokijua. Hiyo unaweza kuisimamia ukimenya viazi. Kazi ya mkono wake ni mazoezi ya hisabati aliyokwisha kuelezwa, kusoma kimya, kunakili tahajia, utafiti mdogo wa sayansi.

Wazazi wengi wakifanya zoezi hili hugundua kwamba walikuwa wakikaa kando ya mtoto kwa kazi ya mkono wake, wakimwonyesha kila hesabu kwa kidole. Mtoto naye huzoea. Ukiondoka anaacha kuandika, na unaona kama kwamba hawezi. Anaweza, ila hajawahi kuachwa ajaribu.

Sasa uhesabu. Chukua nyumba yenye watoto watatu: Gredi ya 1, ya 4 na ya 7. Ukimsomesha kila mmoja peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, ni saa 2 na 3 na 4, jumla saa 9. Hakuna binadamu wa kuziweza na bado akapika. Ukitenga kazi ya mdomo, asubuhi inakuwa hivi:

Saa 2:00 hadi 2:40, wote pamoja.
Saa 2:40 hadi 3:25, wewe na wa Gredi ya 1: kusoma na kuhesabu. Wale wawili wanafanya mazoezi ya hisabati.
Saa 3:25 hadi 3:40, uji na kunyoosha miguu.
Saa 3:40 hadi 4:20, wewe na wa Gredi ya 4. Mdogo anafanya mwandiko pembeni yako, akimaliza anatoka nje. Mkubwa anasoma.
Saa 4:20 hadi 4:50, wewe na wa Gredi ya 7. Wa Gredi ya 4 anaandika insha au anamalizia alichoanza.

Saa tano kasoro dakika kumi, mdomo wako umemaliza kazi: saa 2 na dakika 35. Mkubwa anaendelea peke yake mpaka kama saa sita na robo, nawe umo nyumbani lakini hufundishi.

Kikao cha pamoja

Zile dakika 40 za kwanza ndizo zinazookoa zaidi. Hisabati na kujifunza kusoma haviunganishiki, kwa kuwa kila mtoto yuko kwenye ngazi yake. Mengine mengi yanaunganishika: sayansi, masomo ya jamii, dini, sanaa, hadithi za Kiswahili. Mimea, wanyama, maji na udongo hurudi gredi baada ya gredi, kila mara kwa kina zaidi. Basi wiki ya mimea iwe ya nyumba nzima. Wa Gredi ya 1 anachora mche wa maharagwe na kutaja sehemu zake, wa Gredi ya 4 anaupima kila siku mbili na kuandika urefu, wa Gredi ya 7 anaeleza usanisinuru na kuchora jedwali.

Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya, yaani KICD, huweka miundo ya mitaala ya kila gredi kwenye tovuti yake, na hulipi chochote kuipakua. Pakua ya watoto wako wote, uziweke kando kwa kando, na upige mstari kwenye mada zinazofanana. Kazi hii huchukua alasiri moja kwa muhula. Ukiisoma miundo hiyo, macho yako yawe kwenye sehemu ya matokeo maalum yanayotarajiwa, usishikwe na idadi ya vipindi. Idadi ile ni ya darasa. Mtoto akiweza kufanya kilichoandikwa kwenye matokeo, mada imekwisha, hata kama umetumia vipindi vinne mahali palipoandikwa kumi.

Kinachoharibu kikao cha pamoja ni kukirefusha. Dakika 40 zikipita, mdogo anaanza kumchokoza mwenzake chini ya meza, na dakika zinazofuata unasuluhisha ugomvi. Kata hata kama hadithi haijaisha. Afadhali waisubiri kwa hamu.

Vikapu na karatasi ya wiki

Kila mtoto awe na kikapu au katoni yake yenye vitabu anavyotumia wiki hiyo tu, madaftari, penseli mbili zilizochongwa, kifutio, rula na kichongeo. Kichongeo kinaonekana kitu kidogo. Lakini mkikitafuta kwa dakika tano, mara sita kwa siku, ni nusu saa. Kwa siku tano ni saa mbili na nusu za wiki zilizoishia chini ya kochi. Jioni, kabla ya chakula, kila mtoto anarudisha vitu vyake kikapuni. Aliyekosa penseli asubuhi anaandika kwa kilichopo.

Jumapili jioni tenga dakika 30. Kwa kila mtoto andika karatasi moja yenye kazi za mkono wake, Jumatatu hadi Alhamisi, kwa nambari: "1. Hisabati uk. 42, swali 1 hadi 12. 2. Soma sura ya 5. 3. Nakili maneno 10." Usiandike "hisabati" pekee, maana hapo umejiletea swali la "nifanye ipi?" kila asubuhi. Mtoto wa Gredi ya 1 asiyesoma vizuri mchoree: kitabu, penseli, mpira. Anatia alama kila anachomaliza.

Ijumaa iache bila karatasi. Ni siku ya kumalizia viporo, maktaba, soko, shamba, au kazi ya mikono. Anayepanga siku tano zilizojaa hupata siku nne na deni. Anayepanga nne humaliza nne.

Kukatizwa

Ukiwa na wa Gredi ya 1 katikati ya silabi, wa Gredi ya 4 anakuja: "Mama, sielewi ya saba." Ukimjibu, mdogo amekimbia. Sheria iwe moja: aliyekwama anaandika nambari ya swali kwenye kipande cha karatasi, analiruka, anaendelea na linalofuata. Zamu yake ikifika, mnaanza na karatasi hiyo. Utashangaa ni maswali mangapi yamejijibu yenyewe kabla hujafika.

Kwa wadogo wasioweza kungoja, tumia vibanio vya nguo. Kila mmoja anapewa vitatu asubuhi, na kila akikukatiza wakati wa zamu ya mwingine anakupa kimoja. Vikiisha, anangoja. Damu, moshi na choo havihesabiwi.

Mtoto wa miaka miwili hadi minne ndiye mgumu kuliko wote, na kosa la kawaida ni kumtuliza baada ya kuanza kulia. Mshibishe kwanza: dakika 15 kamili pamoja naye kabla ya saa mbili, mapajani, kitabu cha picha au kuimba. Kisha mpe kitu cha mikono anachokipata wakati wa masomo tu. Unga wa kuchezea unatosha: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, maji robo tatu ya kikombe yakiongezwa kidogo kidogo mpaka donge lisishike vidoleni. Ukiufunika vizuri kwenye mkebe unakaa siku kadhaa. Beseni la maji na vikombe nalo humshika kwa muda mrefu, lakini hilo ni la pale unapomwona; usimwache na maji hata kidogo ukageuza mgongo.

Ukiwa na dada wa kazi, usimpe kazi ya kufundisha. Saa zake zenye thamani ni tatu hadi tano asubuhi: amchukue mdogo huyu na aweke chakula cha mchana jikoni. Kufagia kunaweza kungoja.

Kisha kuna watu wazima. Jirani anabisha hodi, shemeji anapiga simu akitaka umlipie kitu mjini, na wote wana sababu moja: "Wewe si uko nyumbani tu." Usieleze falsafa ya elimu. Jibu moja, kila mara, kwa upole: "Niko darasani mpaka saa sita, nitakupigia." Simu iwekwe chumbani ikiwa na sauti kwa namba mbili au tatu za dharura. Makundi ya WhatsApp ya wazazi wanaosomesha nyumbani yana msaada wake, lakini yasomwe mara mbili kwa siku. Hakuna kundi linalokula muda kama la watu wanaotafuta muda.

Kusahihisha

Rundo la madaftari usiku ni kosa la mpangilio. Sahihisha mtoto akiwa mbele yako, kalamu nyekundu mkononi, dakika tano mwanzoni mwa zamu yake. Kosa analoliona papo hapo linamfundisha. La jana amekwisha kulisahau.

Kuanzia Gredi ya 5, mtoto anaweza kujisahihisha hisabati na tahajia. Kitabu cha majibu kikae kwenye meza nyingine, na mezani hapo pawe na kalamu nyekundu peke yake, bila penseli. Anakwenda na daftari tu, anatia alama, anarudi kwenye meza yake kurekebisha. Wanaotumia vijitabu vya ACE, mtaala wa Kikristo wa mtoto kujisomea, wanaujua utaratibu huu. Bila meza ya pili, majibu yananakiliwa, tena si kwa ubaya wa mtoto bali kwa sababu yamekaa karibu mno. Wewe kagua swali moja katika kila matano, na umwombe akueleze jinsi alivyolipata. Anayenakili hujulikana hapo.

Jiko

Asubuhi ya masomo isiwe asubuhi ya kupika. Chakula cha mchana kiwe kile cha jana usiku kilichoongezwa kipimo, au kitu kinachochemka bila kuangaliwa.

Maharagwe ndiyo yanayofaa zaidi. Loweka kilo moja usiku, kwa muda wa saa nane au zaidi, mwaga maji, chemsha kwenye sufuria ya presha kama dakika 25 tangu ianze kupiga filimbi. Kwa sufuria ya kawaida panga saa moja na nusu. Usitie nyanya kabla hayajaiva, uchachu wake huyafanya yakae magumu. Kilo moja kavu hutoa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Gawa kwenye mikebe mitano bila kitunguu wala viungo, tia friza, na kila mara utoe mkebe mmoja ukaunge. Mwenye friji isiyo na friza achemshe nusu kilo mara mbili kwa wiki, kwa sababu yakipita siku tatu huanza kuchacha.

Chapati: paketi ya kilo mbili hutoa kama 25. Zipikwe Ijumaa alasiri, watoto wakubwa wakisukuma. Sukuma wiki ioshwe na ikauke kabisa kabla ya kukatwa. Ikikatwa na maji inaoza kesho yake. Iliyokauka, ikafungwa kwa kitambaa safi ndani ya friji, huenda siku tatu.

Kazi nyingine za nyumba ziende kwa watoto, na hapa wazazi hukosea kwa haraka yao. Humpa mtoto kazi leo, kesho hukasirika haijafanywa vizuri, keshokutwa huifanya wenyewe. Mfundishe kazi moja kwa mwezi: siku tano mnafanya pamoja, siku tano unamtazama ukiwa umefunga mdomo, kisha ni yake. Wa miaka minne au mitano anapanga viatu na kuokota vitu sakafuni. Wa sita hadi minane anaosha vikombe, anafagia, anakunja nguo. Wa tisa hadi kumi na moja anaosha vyombo vyote, anadeki, anapika chai na mayai. Wa kumi na miwili anasonga ugali na kufua nguo zake. Usirudie kuosha sahani aliyoiosha huku akikuona. Ukirudia, umemwambia asijisumbue tena.

Saa yenyewe

Haya yote yakifanyika, muda hautajitokeza wenyewe ukae ukikungoja. Utajazwa na kudeki. Lazima uupe mahali pake.

Anza na saa ya kimya, saa nane mchana. Wiki ya kwanza dakika 15 tu, wiki ya pili 25, ya tatu 35, ya nne 45. Mdogo analala, wengine kila mmoja na mahali pake, na kitabu au kazi ya mikono isiyo na kelele. Ukianza na dakika 45 siku ya kwanza, watatoka mara kumi nawe utasema haiwezekani. Ndani ya dakika hizo usioshe vyombo. Vyombo vina saa yake. Hii ni ya kulala, kusoma, kushona, kukaa kimya kibarazani.

Pili, tafuta familia mbili nyingine na mpeane zamu. Kila wiki alasiri moja, kwa muda wa saa tatu, familia moja huwachukua watoto wa zote. Katika wiki tatu unawalea wote mara moja na unakuwa huru mara mbili. Kubalianeni mapema kuhusu chakula, saa kamili ya kuwachukua, na mtoto akiugua. Kinachoua mpango huu ni chai: mzazi anayeleta watoto anakaribishwa, anakaa, na saa tatu zinaisha mkiwa wawili sebuleni. Chai nzuri, ila si uhuru. Iwekeni siku nyingine.

Tatu, mwaka. Huhitaji kufuata likizo za shule. Wiki sita za masomo na ya saba ya kupumzika, mara saba, ni wiki 49. Tatu zinabaki Desemba. Umesomesha wiki 42, ilhali mwaka wa shule hauzidi wiki 40. Wiki hiyo ya saba ndiyo ya kupanga miezi inayofuata, kwenda kliniki, kutengeneza baiskeli, na kulala.

Jambo moja la ofisini lisikuvizie. Usajili wa KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa shule ya msingi inayofanywa Gredi ya 6, na wa KJSEA, ile ya mwisho wa sekondari msingi ya Gredi ya 9, hupitia shule, na alama za tathmini za shuleni huanza kukusanywa kabla ya Gredi ya 6. Mwenye nia ya kufuata njia hiyo aelewane na shule mapema, mtoto akiwa Gredi ya 3, badala ya kupoteza mwezi mzima akizunguka na faili dakika za mwisho.

Usianze kila kitu Jumatatu ijayo. Siku tatu za kwanza andika tu kila nusu saa ilikokwenda, bila kubadilisha chochote. Wiki ya pili, vikapu na karatasi. Ya tatu, kikao cha pamoja na zamu. Ya nne, saa ya kimya. Jiko na kazi za watoto zifuate baadaye. Na ikitokea wiki ya homa, maji kukatika au mgeni wa ghafla, bakisha vitu viwili tu: kila mtoto asome kwa dakika 20 na afanye hesabu kwa dakika 20. Yaliyobaki yahamie Ijumaa, na yasipotoshea Ijumaa, wiki ya saba ipo.